Penrith haikuanguka mwaka 2025

Tangu Brisbane Broncos wanyanyue kombe la NRL, ligi kuu ya raga ya wachezaji 13 nchini Australia, Oktoba 2025, wachambuzi wengi wamekubaliana upesi mno juu ya jambo moja: kwamba utawala wa Penrith Panthers umekwisha, na umekwisha mwaka huo. Ushahidi wao hauhitaji darubini. Timu iliyotwaa ubingwa mara 4 mfululizo, 2021 hadi 2024, ilifungua msimu wa 2025 kwa ushindi kule Las Vegas, kisha ikaanza kupigwa na kila aliyekuja, hata mwezi Mei ikawa inaburuza mkia. Ilimaliza ya 7 na kutolewa nusu fainali. Maelezo yakamiminika: wameshiba, wamelewa sifa, wamechoka, nyota wao Jarome Luai ameondoka.

Mimi nasema Penrith haikuanguka 2025. Ilianza kulipia ubingwa wake tangu mwaka ilipoupata, kidogo kidogo, kila msimu unapokwisha, na mwaka 2025 ndio mara ya kwanza akiba haikutosha. Anayetaka kuielewa habari hii asiwatazame nyota peke yao. Awatazame watu wa kati: mchezaji wa akiba, kocha msaidizi, beki anayejua kufanya kazi tatu na halalamiki kuwekwa benchi.

Kwetu Afrika Mashariki ukitaja raga watu wanafikiria ile ya wachezaji 15, au ya wachezaji 7 iliyoipa Kenya jina. Hii ya watu 13 ina mwendo wake. Mtu akiangushwa hakuna msongamano wa kugombea mpira. Anainuka, anausukuma nyuma kwa mguu, mchezo unaendelea, na timu ina nafasi 6 za kukabwa kabla ya kuukabidhi mpira kwa wapinzani. Lakini sheria ninayoihitaji hapa haichezwi uwanjani, iko ofisini. Tangu 1990 mashindano ya Sydney yaliyokuja kuzaa NRL yamekuwa na ukomo wa mishahara: kila klabu ina kiwango kilekile cha kulipa kikosi chake, awe tajiri au hohehahe. Na si sheria ya kuandikwa na kusahauliwa. Mwaka 2002 Bulldogs, klabu ya Canterbury jijini Sydney, walikatwa pointi 37 kwa kuivunja. Mwaka 2010 Melbourne Storm walivuliwa ubingwa wa 2007 na wa 2009.

Fikiria sheria hiyo inafanya nini kwa bingwa. Mchezaji akishavaa medali, bei yake inapanda. Akiitwa timu ya jimbo au ya taifa, inapanda tena. Mfuko wa klabu yake, kwa upande mwingine, hauongezeki kwa sababu ya kombe. Basi klabu inayoshinda inajikuta na wachezaji wale wale, wenye thamani kubwa zaidi, na fedha zile zile. Lazima mtu aondoke. Kadiri unavyoshinda ndivyo wanavyozidi wa kuondoka.

Shabiki wa soka wa Tanzania atakumbuka Simba. Ilitwaa ubingwa mara 4 mfululizo kuanzia msimu wa 2017/18, mwaka 2021 ikawaachia Clatous Chama na Luis Miquissone, kisha Yanga nao wakachukua 4 zao. Tofauti ni kwamba Simba iliuza ikapokea pesa. Kwenye NRL hakuna soko la ada za uhamisho kama la soka. Mkataba unaisha, mchezaji anapanga virago, na klabu iliyomlea tangu utotoni inabaki na picha ukutani.

Na Penrith ni mlezi kwelikweli. Mji wenyewe uko magharibi kabisa ya Sydney, chini ya safu ya Blue Mountains, na ligi yake ya watoto na vijana ndiyo kubwa kuliko zote Australia. Luai, Brian To'o na Stephen Crichton ni zao la Mount Druitt, mitaa ya familia za wafanyakazi, wengi wao wenye asili ya visiwa vya Pasifiki. Phil Gould alipokabidhiwa uongozi wa masuala ya raga klabuni hapo mwaka 2011, dau lake liliwekwa kwa vijana hao badala ya kununua majina. Aliyemwajiri kuwa kocha, Ivan Cleary, alitimuliwa 2015, akarudishwa 2019 na kumaliza nafasi ya 10 mwaka huohuo. Mwaka mmoja baadaye, timu ikiongozwa uwanjani na mwanawe Nathan, ilipoteza mchezo mmoja tu katika msimu wa kawaida, ikafika fainali kuu na kufungwa na Melbourne 26-20. Hapo ndipo yote yalipoanza, ushindi na malipo.

Tuyafuate malipo hayo mwaka kwa mwaka, maana hesabu hii haifanywi mara nyingi. Mwishoni mwa 2020 kocha msaidizi Trent Barrett alikwenda Bulldogs kuwa kocha mkuu. Mwaka 2021 Penrith iliifunga South Sydney 14-12 na kutwaa kombe; Matt Burton akaondoka kwenda Bulldogs, Kurt Capewell akaenda Brisbane. Mwaka 2022 iliifunga Parramatta 28-12. Api Koroisau, aliyekuwa akiuanzisha mpira kila baada ya mtu kukabwa na hivyo kuushika kuliko karibu mtu yeyote kikosini, akaenda Wests Tigers, na Viliame Kikau akaenda Bulldogs. Msimu huohuo benchi la ufundi likavunjwa: Cameron Ciraldo akawa kocha mkuu wa Bulldogs, Andrew Webster akawa kocha mkuu wa Warriors kule New Zealand. Dolphins nao, klabu mpya iliyoingia ligi 2023, wakapita Penrith kuchukua chipukizi kama Isaiya Katoa. Kombe la 2023 liliwagharimu Crichton, aliyekwenda Bulldogs, Spencer Leniu na Jack Cogger. La 2024, waliloipokonya Melbourne kwa 14-6, liliwagharimu Luai na Sunia Turuva, wote kwenda Wests Tigers, na James Fisher-Harris, aliyerudi kwao New Zealand kuichezea Warriors. Gould mwenyewe, tangu 2021, yuko Bulldogs. Ukiangalia nani amekwenda wapi utadhani Bulldogs walifungua tawi Penrith.

Katika orodha hiyo jina ninalolitazama kwa muda mrefu zaidi si Luai wala Crichton. Ni Jack Cogger, ambaye msomaji asiyeifuatilia ligi hii pengine hajawahi kumsikia. Katika fainali ya 2023 Penrith ilikuwa nyuma 24-8 dhidi ya Brisbane, Ezra Mam akiwa ameshafunga mara 3 peke yake. Luai alikuwa ametoka na jeraha la bega. Aliyeingia ni Cogger, mchezaji aliyesajiliwa awe wa akiba. Penrith ikashinda 26-24. Watu wanamkumbuka Nathan Cleary, na wana haki, kwa sababu dakika zile za mwisho alizichukua mwenyewe na pointi za ushindi zikatoka kwake. Lakini Cleary aliweza kufanya vile kwa sababu pembeni yake palikuwa na mtu aliyejua kazi, asiyetetemeka, asiyehitaji kufundishwa mpango katikati ya moto. Msimu ulipokwisha Cogger akaenda Newcastle, kwa mkataba ambao Penrith isingeweza kumpa mtu wa akiba.

Mwaka 2024 Cleary alikosa sehemu kubwa ya msimu kwa majeraha, na timu bado ikamaliza ya 2 na kuchukua kombe. Kwa nini? Kwa sababu Luai alishika usukani. Yaani nyota huyo alikuwa pia bima ya nyota mwingine. Alipoondoka, Penrith ilipoteza vitu viwili kwa mpigo, na wachambuzi wengi wamekihesabu kimoja. Walioanza 2025 katika nafasi zile walikuwa vijana wenye vipaji, akiwamo Blaize Talagi aliyetoka Parramatta, lakini vijana hujifunza kwa kupoteza mechi. Ndivyo ilivyokuwa kati ya Machi na Mei.

Sasa hoja za upande wa pili. Dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba wameshiba. Inapendwa kwa sababu haihitaji ushahidi. Timu ikishinda ina njaa, ikipoteza imeshiba, na mchambuzi anakuwa sahihi siku zote. Tuiweke basi mbele ya yaliyotokea. Timu hiyo iliyoshiba ilitoka mkiani na kushinda mechi 9 mfululizo. Katika mtoano ilikwenda Auckland na kuitoa Warriors ya Webster 24-8. Wiki iliyofuata ikaitoa Bulldogs ya Ciraldo 46-26. Wasaidizi wawili wa zamani wa Ivan Cleary, mmoja baada ya mwingine, na kwenye vikosi vyao majina waliyoyachukua Penrith. Mtu aliyeshiba hafanyi kazi hiyo. Halafu kuna jambo ambalo wanaosema "njaa" hawalitaji: wengi wa vijana walioyumba mwanzoni mwa msimu hawakuwa na hata kombe moja. Wangeshiba nini?

Hoja ya pili ina uzito. Inasema wapinzani wamejifunza. Mei 2020, ligi iliporejea baada ya kusimama kwa ajili ya korona, ilileta sheria mpya: timu inayochelewesha mchezo kwa makusudi haipigiwi tena penalti, bali wapinzani wanaanza upya hesabu yao ya nafasi 6. Mchezo ukawa wa kasi na pumzi. Penrith, yenye kikosi cha vijana waliokua pamoja, ilikuwa tayari kabla ya wenzake, na hapo ndipo ilipojitenga nao. Mwaka 2022 sheria ililegezwa kwa kurudisha penalti kwa makosa yanayotendeka wakati timu yenye mpira ingali ndani ya mita 40 za upande wake, na miaka ilivyopita kila klabu ikajenga miili ya kuhimili kasi hiyo. Ninakubali. Ninaongeza tu kwamba sehemu ya elimu hiyo ilifundishwa na watu waliotoka Penrith. Anayesema wapinzani wamejifunza na anayesema ukomo wa mishahara umeibomoa Penrith wanazungumzia jambo moja kutoka milango miwili.

Yapo pia mambo ya kupita haraka. Uwanja wao ulifungwa ujengwe upya, wakalazimika kucheza mechi za nyumbani Parramatta, kwa mahasimu wao wa magharibi ya Sydney. Iliwaumiza, ila mechi 9 mfululizo walizishinda wakiwa bado wageni. Nyota wao huitwa timu ya jimbo lao, New South Wales, katikati ya msimu. Hilo lilikuwapo pia katika miaka ya makombe. Kuhusu baba kumfundisha mwana, nimesoma mengi mwaka huu ambayo yasingeandikwa wakati wanashinda.

Hoja inayonisumbua kweli ni Melbourne Storm. Wanafanya kazi chini ya ukomo uleule. Nyota wao Billy Slater alistaafu 2018, Cameron Smith 2020, Cooper Cronk alihamia Sydney Roosters. Craig Bellamy, kocha wao tangu 2003, ameshuhudia wasaidizi wakiondoka kama walivyoondoka wa Penrith. Na bado Storm walicheza fainali kuu ya 2024 na ya 2025. Kama ukomo wa mishahara ndio mchawi, mbona hauwarogi hawa?

Jibu langu ni kutazama matokeo ya fainali hizo mbili. Storm walifungwa zote, ya pili kwa 26-22, na kombe lao la mwisho ni lile la 2020. Mfumo mzuri, kocha mzuri na jicho zuri la usajili vinaweza kuiweka klabu katika timu 4 bora kwa miaka 20. Kushinda siku ya mwisho, tena mara 4 mfululizo, kunadai kitu cha ziada ambacho hakinunuliki kwa msimu mmoja, nacho ndicho ukomo unachokitafuna kwanza.

Kitu hicho ni kidogo sana, na hapa ndipo wanaposhangaa "anguko" wanapokosea hesabu. Rudi 2021. Baada ya kufungwa na South Sydney wiki ya kwanza ya mtoano, kipigo ambacho hakikuwaondoa, Penrith iliitoa Parramatta 8-6, ikaitoa Melbourne 10-6, ikalipiza kwa South Sydney 14-12. Kombe zima, mechi 3, limepatikana kwa jumla ya pointi 8. Fainali ya 2023 ilipatikana kwa pointi 2. Katika mchezo huu pointi 2 ni penalti moja iliyopita katikati ya milingoti. Kisha njoo Septemba 28, 2025, nusu fainali kule Brisbane. Huku kwetu ilikuwa saa tatu asubuhi ya Jumapili na wengi walikuwa kanisani. Penrith inakwenda mapumziko ikiongoza 14-0. Inafungwa 16-14. Brisbane hao hao, miaka miwili tangu waipoteze fainali waliyokuwa wakiongoza kwa pointi 16, wakaenda kutwaa kombe lao la kwanza tangu 2006.

Kuna watakaosema basi ilikuwa bahati tu, ikawapendelea mara 4 na ikawageuka ya 5. Siendi mbali hivyo. Bahati hailindi lango kwa mechi 3 mfululizo ikaruhusu pointi 24 tu. Penrith ilikuwa na ubora wa kumaliza mechi ngumu, na ubora huo uliishi ndani ya watu waliokuwa wamezimaliza nyingine kabla. Mtu wa 14 kwenye kikosi. Msaidizi aliyeisuka safu ya ulinzi. Ukiwaondoa watu hao wawili watatu kila mwaka, timu haibomoki. Inapungua kwa kiasi ambacho kwenye msimamo wa ligi hukioni, na kwenye mechi ya 16-14 ndicho kila kitu. Upungufu mdogo umezaa tofauti kubwa, nasi tumeiona tofauti kubwa tukadhani upungufu ni mkubwa.

Historia ina mfano wa tawala iliyokwisha kwa namna nyingine. St George walitwaa ubingwa wa Sydney mara 11 mfululizo, 1956 hadi 1966, enzi ambazo hapakuwa na ukomo wa mishahara. Mwaka 1967 sheria ya mchezo ilibadilishwa: badala ya timu kushika mpira mpaka iupoteze, ikawekewa nafasi 4 za kukabwa. Mwaka huohuo Canterbury, yaani Bulldogs wa leo, wakawatoa kwa 12-11. St George walishinda kwa sababu sheria ziliwaruhusu kubaki pamoja. Penrith walishinda wakati sheria zinawatawanya. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema 11 zinazipita 4 kwa sababu ni nyingi. Tangu Parramatta ya 1981 hadi 1983 hakuna klabu nyingine iliyowahi kufikisha hata 3 mfululizo.

Tunakwenda wapi kutoka hapa? Kwanza, wanaosubiri Penrith izame wajiandae kusubiri. Timu yenye Cleary, Isaah Yeo, Dylan Edwards na To'o, na shamba la vijana nyuma yao, itakuwa kama Melbourne: kila mwaka karibu, kombe mara moja moja. Hilo ndilo umbo la kushuka chini ya ukomo wa mishahara. Anayetaka kuona anguko la kishindo atafute ligi nyingine.

Pili, kuna mjadala wa haki ambao naona unaendeshwa vibaya. Wapo wanaotaka klabu iliyomlea mchezaji ipewe nafuu kubwa zaidi ndani ya ukomo inapombakisha. Ukifanya hivyo kwa kiwango cha maana utaifanya Penrith bingwa wa kudumu, maana hakuna mwenye watoto wengi kama yeye, na si klabu ya kuonewa huruma: nyuma ya timu ipo biashara kubwa ya kumbi za starehe na mashine za kamari. Ningependa waige soka, ambako klabu inayomsajili kijana hulipa fidia kwa waliomfundisha. Fedha hizo zisiruhusiwe kuingia kwenye mishahara ya wachezaji wa ligi kuu; ziende kwenye viwanja vya watoto, makocha wa vijana, usafiri. Bulldogs wangemchukua Crichton kama walivyomchukua, na Mount Druitt ingepata kitu.

Wanaopinga wanasema fidia itazikamua klabu changa. Hoja hiyo inastahili kujibiwa, kwa sababu klabu changa zinakuja: Perth Bears wanaingia 2027, na Papua New Guinea, nchi ambayo raga hii ni karibu dini, inaleta timu yake kutoka Port Moresby 2028. Ligi itakuwa na klabu 19 na ziada ya wachezaji 60 au zaidi wa kutafutwa mahali. Fidia inaweza kusimamishwa kwao kwa misimu michache ya mwanzo, si jambo gumu. Kigumu ni mahali watakapokwenda kuwatafuta hao 60. Perth hawahitaji kumng'oa Nathan Cleary, na hawatajaribu kwa nguvu sana. Watamtaka mchezaji wa benchi mwenye miaka 24, aliyekaa misimu mitatu akiona jinsi mechi ngumu zinavyomalizwa, anayelipwa mshahara wa akiba na anayejua kwamba kwingine ataanza kila wiki. Penrith itakuwa nao wanne au watano wa aina hiyo, na itakuwa na fedha ya kumbakisha mmoja.